Plasta kwenye Vitufe vya Xbox

Boito, Konoin,
Bomet.
18 Juni 2025

Mpendwa Kaka Nicholas,

Nakusalimu kutoka nyumbani. Joto la Doha linakutendeaje mwezi huu, na kile kikohozi cha vumbi kimekwisha? Sisi tuko salama. Hapa ni baridi, na mvua inanyesha kila alasiri. Nyanya yetu Kogo anatembea hadi kwa ng'ombe bila fimbo, na amesema nikuandikie hilo kabla ya mengine yote.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu sauti hunipotea. Onsongo, mwenzako wa kazi, anarudi huko Ijumaa na amekubali kuibeba barua hii.

Kaka, kila Jumapili unaponiuliza chumba cha michezo kinaendaje, nimekuwa nikijibu, "Vizuri." Si kweli. Tangu Aprili hakiendi.

Zile Xbox mbili ulizonitumia ni nzuri sana, na sijaona picha safi kama zake hapa Boito. Lakini mwezi huo wa Aprili Irungu, yule mwenye duka la mbolea, alifungua chumba chake ng'ambo ya barabara akaweka PlayStation tatu. Vijana wote wa hapa walijifunzia mpira kwenye PlayStation. Wengine hutembea na pedi zao wenyewe za kuchezea. Nimesoma kwenye simu kwamba hata huko nje PlayStation imeiacha Xbox mbali kwa mauzo. Sikujua ushindani huo ungefika hadi kwetu.

Jumatatu ya wiki iliyopita hakuingia mtu hata mmoja. Nilikuwa nasikia kelele za magoli kutoka kwa Irungu, nikajifanya nafagia.

Jumamosi gari la chai lilichelewa. Vijana waliokuwa wakingoja kupimiwa majani walijaa kwa Irungu, na saba waliokosa nafasi wakaja kwangu. Waliosha mikono kwenye karai ninaloweka mlangoni, maana utomvu wa majani hunatisha pedi, wakaketi. Hapo shida ikaanza. Vitufe vya PlayStation vina michoro, na hawa hufundishana kwa kupiga kelele. "Duara! Piga duara!" Anayecheza anatafuta duara kwenye Xbox yangu, anakuta herufi.

"Chepkemoi, hii ni mashine ama ni chati ya nasari?" Kipkosgei wa jirani aliniuliza. Wote wakacheka.

Unajua mimi si msemaji. Nilienda tu nikachukua plasta ya vidonda ya Mama, nikaikata vipande vidogo, nikachora kwa biro duara, mraba, pembetatu na msalaba, nikabandika juu ya kila herufi. Wakacheza mpaka gari likafika. Kipkosgei alifunga mabao manne.

"Wewe ni fundi, wallahi," akaniambia akitoka. "Lakini Jumatatu mimi niko kwa Irungu."

Na kweli alikuwa kwa Irungu. Plasta nazo zilikuwa zimebanduka kwa mikono yenye maji.

Mama amesema hali ikibaki hivi hadi mwisho wa Julai, chumba kitarudi kuwa stoo ya mahindi. Karo yangu ya uuguzi inategemea chumba hicho, na chuo kinafungua Septemba. Nisiporipoti, nafasi yangu atapewa mwingine.

Kwa hivyo nimeamua jambo bila kukuuliza. Mwalimu mmoja wa Londiani anawatafutia watoto wake Xbox. Anakuja kesho. Nitamuuzia moja, kisha niende Kericho nikanunue PlayStation iliyotumika. Utakapoisoma barua hii, mashine moja uliyoitolea jasho itakuwa imeshaondoka. Ningeweza kukupigia leo. Niliogopa utasema hapana kwa upole, nami nitatii.

Ukikasirika, unikasirikie mimi, si Mama. Ile nyingine siiuzi. Nimeibandikia plasta mpya.

Mama, Kogo na mdogo wetu Chepchumba wanakusalimu sana. Mungu akushike mkono kwenye zile ngazi za ujenzi, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Jumapili, tafadhali niulize tena chumba kinaendaje. Nitakutajia idadi ya walioingia, hata kama hakuna.

Dada yako akupendaye daima,
Chepkemoi