Upande wa Chini wa Bomba

Kaka yangu mpendwa,

Kabla hata sijakuamkia, acha nilitue hili, maana sijamwambia mtu yeyote: nimemdanganya baba, tena kwa jambo linalokuhusu wewe.

Sasa shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la kiwandani kimekuachia. Sisi hapa hatujambo. Mama ni mzima, ila goti lake limegombana na ngazi. Mimi shule nimeshamaliza, kama ujuavyo, na mchana wa nyumbani umekuwa mrefu mno. Ndiyo maana nikaanza kushinda gereji kwa baba.

Mwanzoni nilikuwa napeleka chai tu, kisha nasubiri kikombe, na kikombe kikiisha nasubiri kingine. Baba akachoka kuniona nimesimama kama nguzo. Akanipa tupa na msasa, akasema mtu asiye na kazi huwatia usingizi hata wanaomtazama. Basi ndiyo nimekuwa fundi wa kumalizia: yeye anachomelea, mimi nasugua.

Sijui nikuelezeje, kaka. Grenda ya kusugulia chuma ikianza kulia, dunia nyingine yote inanyamaza. Jua la alasiri linapenya kwenye matundu ya bati, na unga wa chuma unaelea ndani ya miale yake kana kwamba hauna haraka ya kutua. Nasugua huku naota. Mara nyingine nakuona umekaa kwenye usukani, mkono nje ya dirisha, na barabara haiishi. Nikizinduka, chuma kimeshakuwa laini kama shavu la mtoto, wala sikumbuki nimekilainisha saa ngapi.

Nadhani umeshajua ni gari gani tunalolitengeneza. Ndiyo, ni lile dogo lenu, wewe na baba, mliloliwekea injini ya gari kubwa, kisha likafunikwa turubai siku mliyokorofishana. Baba amelifunua. Hakusema kwa nini, na mama alinikanyaga mguu nisiulize. Baadaye jikoni aliniambia kwamba baba yetu anaweza kuunganisha kitu chochote duniani isipokuwa maneno mawili ya kuomba radhi.

Kila kitu kiko kama mlivyokiacha, hata lile bomba lililonyooka la kupeleka hewa kwenye injini, lenye vipande vitatu: mshono mmoja wa baba, mwingine wako. Ule ule aliosema mbele ya wateja kwamba ni kama kuku amepita juu ya chuma akajisaidia. Wateja wakacheka, nawe ukavua barakoa, ukaiweka chini taratibu, ukaondoka hadi leo.

Baba alinipa bomba hilo niisugue mishono yote miwili mpaka ipotee, lionekane kama limezaliwa zima.

Nilianza na mshono wake, nami nikaota kupita kiasi. Tulipoziba ncha, tukalijaza upepo na kulizamisha kwenye beseni la maji, mapovu yakatoka kwenye mshono wa baba, membamba kama shanga. Nilitamani nijifiche chini ya gari. Baba alicheka mpaka akashika kiuno. Alisema alinituma kunyoa ndevu, nami nimeondoka na kidevu. Akanifundisha kwamba mshono ukipunguzwa mno kwa ajili ya urembo, unafunguka. Akauchomelea upya.

Mshono wako, kaka, haukutoa hata povu moja. Baba aliutazama kitambo, kisha akaenda kunawa mikono iliyokuwa imetoka majini sasa hivi. Aliporudi alisema na huo pia niulainishe, kazi ni kazi.

Nikalainisha upande wa juu. Nilipoligeuza, mkono ulikataa. Niliyapapasa yale mabonge ya mshono wako, nikawa naona ulipotulia, ulipofanya haraka, na mahali ambapo labda baba alikuwa amekusimamia kichwani. Niliona kama nimetumwa kukufuta wewe. Nikaliacha hivyo hivyo, nikalipima majini peke yangu, nikalifunga upande ule ukitazama chini. Baba akiwa chini ya gari aliniuliza kama nimemaliza mishono yote. Nikamwambia ndiyo, yote. Ndio huo uongo.

Jana injini iliwaka. Ilikohoa, ikasita, halafu ikanguruma vizuri mpaka mama akatoka nje na mwiko mkononi. Baba alipoizima, nilikwenda nyuma kuosha brashi za rangi. Kupitia upenyo wa mlango nikamwona anafuta injini kwa kitambaa. Kitambaa kikanasa chini ya bomba. Akasimama. Akapeleka kidole gumba pale, akakipitisha polepole, mwanzo hadi mwisho. Mimi huku tayari nilikuwa napanga maneno ya kujitetea, na unajua maneno na mimi tusivyoelewana.

Hakuniita. Alichukua bisibisi, akalegeza vile vibano vya mpira, akalizungusha bomba mpaka mabonge yako yakawa juu, mbele ya macho ya yeyote atakayefungua boneti. Akakaza. Akasimama pale muda mrefu, kama mtu anayesoma.

Wakati wa chai alinisifu kwamba nimemalizia vizuri. Kisha, akitazama ndani ya kikombe, akaniuliza kama bado ninajua unapoishi. Akaongeza kuwa anauliza tu.

Njoo, kaka. Njoo kama mtu aliyekuwa anapita tu. Boneti atakufungulia baba mwenyewe, wala hatakupa shida. Mama anakusalimu sana, anasema kitanda chako hajaweka vitu juu yake, ila nguo za kupiga pasi kidogo.

Na ukiuona huo mshono, tafadhali, usiseme niliuacha mimi, wala usiseme nilimwona akiugeuza. Baba anadhani jambo hilo analijua peke yake. Mwachie.

Ni mimi mdogo wako,
yule uliyemwita Kimya