Mawe mu Sufuria ya Maharagi

Siku ya kwanza, tarehe 2, mwezi wa sita

Mvua tangu asubuhi. Nimeshona jupe tatu, sketi ya banafunzi ba masomo, ya ine mukono imekataa. Bega ya kuume, ileile. Nimeinua mukasi, ikaanguka.

Mudogo wangu wa kike, Kahindo, amepachika rideau, pazia nyekundu, katikati ya salon yangu. Upande huu mashini yangu ya kushona, upande ule meza yake ndefu na matelas ya kulalia juu. Ku mulango amebandika karatasi: SOINS YA BATEAU. Massage, saa nzima, dola kumi na tano. Dola kumi na tano! Kwa kupanguswa mugongo! Na hiyo pesa mimi naleta viazi toka Alimbongo, tunakula mupaka tunachoka.

Anasema mu bateau, ile meli alitumikaka, Bazungu balikuwa banalipa mia moja na makumi tano. Mutu analipa hivyo, halafu anatoka pale na nini mukononi? Nimeuliza. Amecheka tu.

Mimi hapana mutoto wa kudanganywa.

Siku ya tatu, tarehe 4

Acha niandike yenye najua. Kahindo aliondoka Butembo miaka saba sasa. Kwanza Kampala, mu hoteli. Kisha, vile anasema, bateau ya batalii, kubwa kama kartie nzima ya muji, miaka mine mu bahari. Kazi yake kukanda batu. Photo? Mbili. Kwa zote mbili amesimama mbele ya mulango nyeupe. Mulango nyeupe iko hata Beni. Bateau haionekane. Maji haionekane.

Na juu ya nini amerudi na valise moja? "Nilichoka, yaya." Njo jibu kwa dada yake mukubwa. Basi. Mutu anachokaka na dola?

Siku ya ine, tarehe 5

Nimefungua sufuria yangu ya maharagi. Mawe. Mawe nyeusi, laini, inachemuka mu maji. Yezu wangu. Sikupiga kelele juu Mama Furaha, jirani, alikuwa amesimama ku mulango na kikombe, anaomba chumvi. Nani anapikaka mawe?

Kahindo anasema ni ya kuweka ku mugongo ya mutu. Ameiokota mu mutoni. Eti mu bateau, massage ile ya mawe, bei yake ilikuwa juu zaidi. Bon. Nimesugua sufuria na majivu mara tatu, halafu nimepika maharagi mu ingine. Lakini Mama Furaha aliona. Mbele ya yenga, siku ya misa, parokia yote itajua tunapikaka mawe.

Siku ya posho (ya sita), tarehe 7

Viatu ya mwanaume ku mulango wangu. Nyeusi, ya bei. Bwana mumoja wa Beni, ule mwenye anauzishaka mabati. Rideau imefungwa. Nimekaa ku mashini bila kushona, nasikiliza. Kimya. Halafu ule mwanaume akalia. Kulia kabisa, kama mutoto mudogo. Nikakanyaga pédale kwa nguvu, bajue niko pale.

Alitoka na macho mekundu, akanisalimia na heshima. Sikumujibu. Hii nyumba ni mama alituachia. Mama, mutu ya kanisa, mwenye mikono yake ilipokea batoto ya kartie nzima. Leo banaume banalia ndani yake mu saa ine ya asubuhi. Niko na hasira.

Yenga, tarehe 8

Nyuma ya misa bamama baligeuza migongo nilipokaribia. Mama Furaha peke yake akaniuliza, na sauti ya asali: ile massage ya mudogo wako, inaishiaka wapi? Haya ilinipanda mupaka ku masikio.

Nimepigia mujomba simu, kule Beni. Nimemuambia yote. Mawe, rideau, viatu. Atakuja yenga ijayo. Amesema mimi njo mukubwa mu nyumba, neno yangu njo itakata. Nikisema Kahindo atoke, atatoka siku ile ile na valise yake.

Nimekata simu. Nilifikiri nitasikia muzuri. Hapana.

Siku ya pili, tarehe 10

Kahindo anajua niliita mujomba. Amefua nguo zangu zote, amepiga na pasi. Anataka kunilainisha. Hatanipata.

Bega inauma mupaka ku vidole. Jupe tisa inangoja na masomo inazitaka.

Siku ya tano, tarehe 13

Nilikata shauri: nitaona na macho yangu. Nilitia dola kumi na tano ku meza yake. Nikamuambia nifanyie ile ya Bazungu, yote, usiruke hata kidogo. Nilitaka nimushike mu uongo.

Nikalala kifudifudi, kitenge juu. Nimejikaza kama mbuzi yenye imeona kisu. Nikasikia mafuta ya moto. Nikangoja aguse bega, juu bega njo inauma na anajua. Hakugusa bega. Alianza ku kisigino. Kisigino ya kushoto. Dole kubwa ya mukono yake ikazunguka mara tatu, ikapanda nyuma ya muguu polepole, ikasimama nyuma ya goti. Tena mara tatu.

Mwili yangu ilijua mbele ya akili yangu. Njo vile mama alikuwa anakanda bamama benye bametoka kuzaa, siku za kwanza, na mafuta ya ngazi, ile nyekundu ya mawese, na jiwe ya moto toka mu jiko amefunga mu kitambaa. Kisigino ya kushoto kwanza, kila mara. Mimi mwenyewe alinikanda hivyo nilipozaa batoto bangu batatu, benye leo banaishi mbali. Balikuwa banamulipa kuku. Ama sabuni. Ama aksanti.

Nikasema, hii ni ya mama.

"Njo ile, yaya. Chef, mukubwa wetu wa kazi, aliniona nafanyia mwenzangu mu chumba yetu. Akaitia ku liste ya bei, akaipa jina ya Kifaransa."

"Mia moja na makumi tano?"

"Mia moja na makumi tano."

Mama alikufa mwaka ile ya ugonjwa yenye ilikataza batu kugusana. Kahindo alikuwa mbali. Balimutia mu sachet, mufuko ya maiti, bale benye kombinezo nyeupe ya kujikinga, bakamupakia mu gari. Hatukumuosha. Hatukumupaka mafuta. Mimi, mutoto wake wa kwanza, nilisimama kando ya barabara kama mupita njia. Mwaka ile tulijifunza kusalimia na kiwiko, na mimi nafikiri sikutoka mule tena. Hakuna mutu alinigusa tangu siku ile.

Nililia. Kwa nguvu, kama bwana wa mabati. Nikasikia haya juu yake. Pengine naye alizika mutu wake hivyo.

Siku ya posho, tarehe 14

Mukono inapanda mupaka ku kichwa. Jupe tano mbele ya saa sita.

Dola zangu nimezikuta mu sanduku ya nyuzi. Nimezirudisha ku meza yake. Kazi ni kazi.

Nimemuuliza: ku ile mia moja na makumi tano, wewe balikuachia ngapi? Ameonyesha vidole. Sitaandika, nitakasirika tena. Wiki mbili nimetafuta mwizi mu nyumba yangu. Alikuwa mu bateau.

Yenga, tarehe 15

Mujomba amefika saa tano, suruali imejaa vumbi ya barabara ya Beni. Amekaa, amekunywa chai, ameniita na jina yangu: Masika, neno yako.

Nimesema Kahindo atabaki. Akauliza, na mawe? Nikamuambia mawe ni ya mama. Mama alikuwa dada yake. Akaomba kuona moja, ingali na moto, akaishika mu mikono miwili mupaka ikapoa. Ameondoka mapema, juu usiku njia ya Beni ni ya hatari.

Nimenunua sufuria ingine ya kuchemushia mawe. Ile ya maharagi ni ya maharagi.

Kisha tulibaki sisi wawili. Nimemuuliza Kahindo: na wewe, kule, nani alikuwa anakukanda? Akasema hakuna mutu. Miaka yote mine.

Nimefunga rideau. Nimemuambia alale. Mikono yangu ni ya sindano, ngumu, haijui hii kazi. Nimepasha mafuta kidogo. Nimeanza ku kisigino ya kushoto.