Jina Lililoingia Kwenye Vifo

Voi, 5 Juni 2024

Kwa Baba Mdogo Sylus,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili tu. Nyanya anaendeleaje? Simu yako imezimwa tangu jana, kwa hivyo nimempa Mwalimu Pauline barua hii akipanda huko.

Kosa ni langu. Hapa redioni tuna kompyuta mbili, lakini kibodi moja na mausi moja. Ukisukuma mausi hadi ukingoni mwa skrini, mshale unaingia kompyuta ya pili, na unachoandika kinatokea huko. Jana nilidhani naandika jina lako kwenye salamu, kumbe mshale ulishavuka. Likaingia kwenye matangazo ya vifo, mtangazaji wetu Austin akasoma alichokiona.

Nisamehe. Nijibu hata neno moja.

Mwanao,
Jedidah

Mwanda, 9 Juni

Mwanangu Jedidah,

Marahaba. Mimi ni mzima, simu niliizima kwa sababu ya watu wa pole. Sina kinyongo nawe. Shida ni nyanya yako. Tangu Jumanne hataki kula. Macho hayaoni tena, na redio ndiyo imekuwa ikimwambia nani amefariki. Haijawahi kumdanganya. Nikimshika mkono anauliza, "Wewe ni nani, una sauti ya mwanangu?" Majirani wamemweleza, hata mchungaji. Anasema tunamficha.

Fanya jambo. Amedhoofika sana.

Baba yako mdogo,
Sylus

Voi, 11 Juni

Baba Mdogo,

Shikamoo. Nyanya amekunywa hata maji? Meneja amekataa tusahihishe, anasema tutaiaibisha stesheni. Nimemwomba mara mbili. Alhamisi Austin hayuko, nitasoma matangazo ya saa saba mimi. Msogezee redio. Naomba barua hii ifike mapema.

Mwanao,
Jedidah

Mwanda, 15 Juni

Mwanangu,

Habari za huko? Barua ilifika Alhamisi saa tano. Nikaweka redio kando ya kitanda. Ulisoma vifo viwili, halafu ukasema, "Sylus Mwakio wa Mwanda yuko hai. Aliyekosea ni mimi, mjukuu wa mama yake."

Mama alisikiliza mpaka matangazo yakaisha. Kisha akanipapasa uso, masikio, kidevu. Akauliza mbona sijanyoa. Amekunywa uji kikombe kizima, na leo ameomba viazi.

Lakini jana na leo, saa saba, anayesoma ni mtu mwingine. Nimekupigia, hushiki. Mama anauliza mbona sauti yako haisikiki. Nimwambie nini?

Baba yako mdogo,
Sylus