Mavis Threlkeld, Alto wa Benchi la Tatu

Mwaka umetimia, Mama, tangu asubuhi ile ya Novemba ulipochelewa kuamka, na Baba akapanda ngazi na kikombe cha chai akidhani umelala tu.

Watu wa kijiji chetu cha Harrowthwaite wanakukumbuka kwa keki yako ya tangawizi, na kwa peremende ulizogawia kwaya nzima kabla ya zaburi, hata besi mwenye kisukari. Uligundisha nakala za nyimbo zilizochanika, ukajiandikia pembeni kwa penseli: "Pumua hapa, Mavis, si pale." Miaka arobaini na mmoja uliimba alto, sauti ya chini ya wanawake, kwenye Sala ya Jioni ya Jumapili. Mwanao Clement alipofanywa mwalimu wa kwaya, ulijidai wiki nzima mpaka sisi wa nyumbani tukakuomba upunguze.

Kila mwisho wa mwezi mlichagua nyimbo pamoja kwenye meza ya jikoni. Yeye alitaka makubwa, wewe ulimrudisha chini. "Waimba tenori wako, mmoja anazalisha kondoo, mwingine meno mapya hayajamkaa. Huo Wimbo wa Mariamu wa sauti nane ataimba nani, paka?" Alicheka, akachagua wa sauti nne, na Jumapili wimbo ukatoka vizuri.

Kisha sauti yako ikaanza kushuka chini ya noti. Si sana, lakini kila mtu aliisikia isipokuwa wewe. Ndivyo tulivyodhani.

Ilikuwa kazi ya Clement kukwambia. Mara tatu alifika mlangoni kwako na maneno tayari, mara tatu akaishia kuulizia bustani. Baba alimwambia, "Mwambie mama yako, wewe si mtoto," na yeye mwenyewe, mliyelala naye kitanda kimoja, hakusema kitu. Rosalind, binti yako, alisema, "Mimi msinitie humo." Basi Clement akafanya jambo ambalo mwalimu wa kwaya peke yake angeweza kulibuni: akaanza kuchagua nyimbo zisizo na alto. Orodha akaipanga nyumbani kwake, bila wewe. Kwaresima nzima ikawa soprano na wanaume tu. Enid Garbutt, alto mwenzako, akahamia soprano akiwa na miaka sitini na tisa, huku akinung'unika. Wewe ukaenda kukaa benchi la tatu, kati ya waumini, na mkoba wako magotini.

"We Clement, alto tumefukuzwa kazi?"

"Hapana, Mama. Ni Kwaresima, tunaimba vyepesi."

"Na Pasaka je?"

"Mama, chai inapoa."

Pasaka ikapita vivyo hivyo, na hukuuliza tena. Ulibakiwa na wimbo wa mwisho tu, ule ambao kanisa zima husimama na kuimba, na hapo ulitoa alto yako yote. Jumapili moja ya Novemba sauti iliteremka kuliko siku zote, na walikuwepo wageni wa dayosisi. Clement, uso ukimwaka, alimtazama mpiga kinanda, Bwana Hebden, kwenye kioo anachomwonea mwalimu wa kwaya, akainua kiganja: ongeza. Bwana Hebden akaongeza. Clement akainua tena. Kinanda kikanguruma mpaka mabenchi yakatetema.

Ulitazama juu kwenye kinanda, kisha ukamtazama mwanao, na mkono wake ulikuwa bado hewani. Ukafunga kitabu. Beti tatu zilizobaki ulisimama mdomo umeufumba.

Mlangoni ulimfunga skafu yake vizuri. "Hebden leo kala nini? Kidogo atuvunjie madirisha!" Ukacheka, na Clement naye akacheka. Kicheko hicho anakichukia kuliko anavyouchukia ule mkono. Siku kumi na mbili baadaye ukatutoka.

Baada ya mazishi Enid alikuwa jikoni kwako akikausha vikombe. "Mavis alijua tangu Kwaresima," alituambia bila kugeuka. "Nilitaka kumpasha Clement, akanizuia. Akaniambia, 'Mwache mwanangu, Enid. Akijua kwamba najua, ataona haya.'"

Jumapili hii saa kumi na mbili jioni Sala ya Jioni itaimbwa kwa kumbukumbu yako, kwa sauti nne. Clement ametuomba tuandike neno lake bila kulipamba: "Mama, niliinua mkono. Na hata ungeniuliza pale mlangoni, ningekana."

Unakumbukwa na mumeo Norman. Wanao Clement na Rosalind. Wakwe zako Judith na Piers. Wajukuu zako Tabitha na Edmund. Na Enid, aliyekutunzia siri.

Ulitaka asione haya. Anaona haya, Mama, na sisi tulionyamaza tunaona pamoja naye. Siku zote tutakazojaliwa kuishi, tutakukumbuka hivyo.