Wajane Wawili, Pikipiki Moja na Mafuta ya Marehemu

Mpendwa mshauri wetu wa redioni, Mama Pascasie, naomba msaada, na naomba unijibu kabla ya Ijumaa, maana siku hiyo nimepanga kufanya jambo ambalo likishafanyika halirudi nyuma. Mimi naitwa Zuhura, nakaa hapa Kalemie, na katika nyumba yetu tuko wajane wawili wa mume mmoja, mimi na dada mkubwa Mwanamisi, mke wa kwanza, ambaye alinipokea vizuri nilipoolewa na mpaka leo watoto wangu wanamwita mama bila mtu kuwafundisha. Mume wetu Mahmoudi alipofariki alituachia pikipiki yake ya zamani, ya Kijapani, iliyotengenezwa kabla mimi sijazaliwa, na hiyo njo inatulisha, kwa sababu mimi naendesha, dada anakaa nyuma na mafurushi ya vitenge, tunaenda kuuza upande wa Kabimba na vijiji vya njiani.

Sasa Mama, ugomvi wetu ni mafuta ya kulainisha moteri ya pikipiki. Marehemu alikuwa anatumia mafuta mazito ya bidoni ya kijani, galoni ya plastiki, na wakati wa vidanji, yaani kutoa mafuta yaliyochoka na kuweka mapya, dada ndiye aliyekuwa anamshikia beseni, hata kabla mimi sijaja, kwa hiyo tangu kifo chake yeye ndiye ananunua, bidoni ile ile ya kijani, kwa mchuuzi mmoja sokoni, na mimi sigusi. Lakini moteri imeanza kutoa moshi wa bluu na kupata joto haraka, nikachovya kidole ndani ya bidoni aliyoileta mwezi uliopita, nikakuta mafuta meusi kama masizi, yananuka kuungua, nikamwambia, "Dada, haya si mapya, mtu ameyatoa kwenye moteri nyingine akayajaza humu." Akanijibu, "Haya njo mafuta ya mume wetu. Hii bidoni mimi siijui?"

Akayatia kwenye moteri mwenyewe. Wiki iliyopita tukitoka Kabimba na mzigo, kwenye mpando wa mlima, moteri ikakaza, ikazima, pikipiki ikarudi nyuma, dada akaanguka na furushi juu yake, akachubuka mkono na goti, na mimi nilipomwinua, badala ya kumpa pole, nikapiga kelele kwamba mafuta yake yatatuua. Akasema, "Unataka kumuzika mara ya pili?" Hasira ikanishinda, Mama, nikamwambia, "Wewe alikufundisha kushika beseni. Mimi alinifundisha kuendesha." Tulingoja moteri ipoe, ikawaka, lakini alikataa kupanda, akatembea kwa miguu mpaka kijiji cha mbele, mimi nyuma yake polepole kama nasindikiza jeneza. Tangu siku ile ananisalimia mbele ya watoto tu.

Nimeenda kwenye duka moja la vipuri vya magari, muuzaji akanipa mafuta ya bei kali, mepesi karibu kama maji, akasema njo ya kisasa kabisa, magari mapya yote yanatumia hayo. Nimeyaficha chini ya kitanda. Ijumaa dada akienda msikitini nataka kumwaga yake, niweke haya kwenye moteri, yanayobaki niyatie ndani ya bidoni ya kijani, asijue kitu. Moteri ikipona atafikiri ni mafuta ya marehemu, na amani itarudi nyumbani. Je, nakosea? Na kama nakosea, nifanye nini, maana pikipiki hii ikifa hatuna njia nyingine ya kula?

Ni mimi, Zuhura.

MAMA PASCASIE ANAJIBU

Zuhura, unakosea mara mbili, na heri umeandika kabla ya kumwaga.

Nianze na moteri, kwa sababu haina subira. Mimi nimeendesha pikipiki nzee miaka mingi kwenye milima ya kwetu Kirungu, nikienda kuwatembelea akina mama wakulima, kwa hiyo mpando wako naujua. Pikipiki yako si gari. Katika gari, mafuta ya moteri kwa kawaida hayafiki kwenye ambreyaji, yaani klachi. Katika pikipiki kama yako, diski za ambreyaji zinaogelea ndani ya mafuta yale yale ya moteri. Mafuta mengi ya magari mapya yametiwa dawa ya kupunguza msuguano, na diski zikipata dawa hiyo zinateleza. Utabadilisha vitesi, yaani gia, utazungusha mkono kuongeza gazi, moteri italia, gurudumu halitasukuma, na dada yako atakuwa nyuma yako na furushi lake. Tena moteri iliyolika kwa miaka mingi inataka mafuta mazito. Hayo mepesi yatapenya kwenye segma, zile pete za pistoni, yataungua, na moshi utazidi. Kwa hiyo juu ya uzito, dada yako amesema kweli. Juu ya weusi, wewe ndiye umeona vizuri: mafuta yaliyokwisha kutumika yanabeba vumbi la chuma, na vumbi hilo linasaga moteri usiku na mchana.

Nenda kwa muuzaji wa vipuri vya pikipiki. Omba mafuta ya kawaida ya minerali, siyo sintetiki, 20W-50, yenye maandishi 4T, ya moteri za mipigo minne, na alama ya JASO MA, ambayo maana yake ni kwamba hayatelezeshi ambreyaji. Kagua kifuniko, pete yake iwe haijakatika. Mimina tone kwenye kidole: yawe na rangi ya asali, yasinuke moshi. Usinunue kwa kupenda rangi ya bidoni. Moteri iwe na joto la kiasi unapotoa ya zamani, osha chujio, jaza mpaka alama ya juu na usiipite. Baada ya safari chache toa tena, kwa sababu mapya yatakuwa yameosha uchafu. Na kabla ya kupanda mlima na mzigo, fundi afungue aangalie silinda na segma. Moteri iliyokaza mara moja inaweza kuwa imechubuka ndani, na hakuna mafuta yanayoshona chuma.

Sasa wewe. Mwanamke huyo alikufungulia mlango wa nyumba yake, akalea watoto wako kama wake, nawe ukamtupia usoni kwamba mumewe alimfundisha kushika beseni. Alikuwa bado ana damu kwenye goti! Ulitaka amani ya namna gani? Mchuuzi amemdanganya kwa bidoni ile ya kijani, na wewe ukajipanga kuwa wa pili kumdanganya kwa bidoni hiyo hiyo. Siku moja angejua. Katika nyumba moja, siri ya mafuta hainyamazi, inanuka.

Usingoje aende msikitini. Fanya vidanji yeye akiwepo, mchana, uani. Kabla ya kushika ufunguo wa kwanza wa kufungulia nati, mwombe msamaha kwa lile neno, na usitie "lakini" ndani ya msamaha wako. Kisha mwombe ashike beseni, maana hakuna anayejua kazi hiyo kuliko yeye. Usimhubirie. Aone mwenyewe kinachotoka. Na yale mepesi rudisha dukani, wakikataa mpe mwenye gari jipya.

Wasikilizaji, majibu haya nilimpa Zuhura kwa simu kabla ya Ijumaa yake, kwa sababu zamu yetu hewani ingechelewa. Sasa amenitumia ujumbe wa sauti na kuniruhusu niwaeleze.

Dada Mwanamisi alisikiliza msamaha bila kumtazama. Akaingia ndani, akatoka na beseni. Mafuta yalipotoka aliyachovya, akayasugua kati ya vidole, na vichembe vya chuma vikang'aa juani. Akauliza, "Tangu lini?" Zuhura alijua ni tangu moshi wa bluu ulipoanza, lakini akasema, "Sijui, dada." Mwanamisi akasema, "Mahmoudi angenigombeza," akalia kidogo, akajifuta kwa kiwiko kwa sababu mikono ilikuwa na mafuta. Fundi alikuta silinda imechubuka kidogo tu, akabadilisha segma, na moshi wa bluu umekwisha. Wamerudi barabarani, na mzigo umepunguzwa.

"Bado hajatamka kwamba amenisamehe," ndivyo Zuhura anavyomaliza. "Ila jana asubuhi aliniuliza vidanji ingine ni lini, ili siku hiyo asipange kwenda mahali."