Boti ya Suneka Imepata Tundu

Baba,

Boti yako nimeitoboa. Usishtuke huko uliko, nilipima kwanza.

Nakuandikia kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, maana Kijaluo chako sikukimaliza, na Kikisii cha Mama wewe hukukiweza kamwe.

Tangu tukuzike, boti ilikaa pale pale nyuma ya gereji, kuku wakitagia ndani. Suneka hawakuacha utani. Hata matangani kuna aliyeuliza, "Nuhu ametangulia, safina ataachiwa nani?" Nilicheka, kisha nikalia hadi sauti ikakauka. Mama alitaka iuzwe. Boti mlimani, alisema, ni wazimu wa mtu wa ziwa, na mwenyewe hayuko. Nikamsihi niimalizie ekzosi tu, lile bomba la kutolea moshi wa injini. Akakubali kwa sharti moja: injini ikimeza maji, inauzwa siku hiyo hiyo, pamoja na mashine yako ya kuchomelea.

Kutoboa hapa gereji kungekuwa kazi ya asubuhi moja. Lakini nilikusikia: "Boti tupu ni mwongo. Ipakie kwanza, ndiyo uone maji yanafika wapi." Kwa hiyo lori la mchanga lililokuwa likishuka tupu kuelekea ziwani likatubeba.

Mzigo je? Wale wale waliokuwa wakikucheka! Mama Kemunto wa ndizi alikuwa wa kwanza kupanda. Tulipoishusha ziwani, wakaingia ndani na boti ikayumba, aliita Yesu kwa majina yake yote. Baba, ungecheka. Watu wazima wameshikana mikono kama watoto wa nasari.

Ila nyuma, mahali ulipopanga kukaa, palibaki wazi, na nyuma ndiko tundu litakakokuwa. Nilikuwa nikitafuta jiwe la kuweka hapo Mama alipovua viatu, akaingia majini na gauni lake la kanisani, akapanda, akaketi.

"Uzito ninao," akasema. "Weka alama."

Nikaweka pale maji yalipofikia. Tukaivuta ufukweni, nikatoboa tundu, upana wa kiganja kizima juu ya alama. Bomba nililipandisha kwanza, likapinda kama shingo ya bata, ndipo likashuka kwenye tundu. Nje nikafunga ule mpira wako, unaofunguka moshi ukisukuma na kujifunga maji yakitaka kurudi.

Kisha wote wakarudi ndani, kila mtu mahali pake. Nikaipeleka kasi, nikakata mwendo ghafla, maana ulisema huo ndio mtihani wenyewe. Wimbi letu wenyewe likatufuata, likagonga nyuma, pu! Nikazima injini. Mama Kemunto alikuwa akiomba kwa sauti. Nikawasha.

Ikawaka mara moja. Nilipofungua bomba baadaye, ndani palikuwa pakavu.

Mama hakulia hospitalini wala kaburini, unajua alivyo. Siku hiyo alilia, ameketi mahali pako, moshi wa dizeli ukimpuliza usoni. Nilidhani atasema turudi. Akajifuta na leso, akaniambia, "Zunguka tena."

Boti haiuzwi. Nakuahidi sitatoboa ya mtu yeyote kwa kukisia, hata akinifokea. Kuku nimewatafutia banda.

Lala salama, Baba. Mahali pako nyuma, Mama anapakalia.

Binti yako,
Atieno