Salma Hataki Kuwa Nyanya

Mtopanga, Jumanne

Binti yangu Salma ana miaka arubaini na tatu, na ati bado kijana. Jana bintiye kajifungua. Leo namwambia Salma amkande huyo mzazi kwa maji moto, ndiyo kazi ya nyanya. Anijibu, "Mama, kule Nairobi wenzangu wa umri huu ndio kwanza waolewa. Mimi niko katikati ya maisha."

"Katikati umepimiwa na nani? Hapa ukipata mjukuu ushakuwa nyanya, hata uwe na meno yote."

Nikashika kitambaa mwenyewe kwa hasira. Mikono siku hizi yanitetemeka, nikaogopa nitamuunguza mzazi. Salma akaninyang'anya, akamkanda mwanawe taratibu mpaka mtoto wa watu akasinzia.

Wallahi anishinda kukanda. Simwambii.